Siku Seneta Alipopewa Kiti

"Usiniite mwanangu! Leo usiniite mwanangu, Koko. Njo weye ulisema. Njo kinywa yako ilitumaliza."

Agnès alikuwa ameshika pasi, na pasi ilikuwa ya moto, kwa hiyo nikasogeza kiti changu nyuma kidogo kabla ya kumjibu.

"Nilisema kwa nia nzuri."

"Nia nzuri! Nani alikutuma nia nzuri? Mutu anaulizwa kazi ya bwana yangu, anajibu kazi. Fundi. Neno moja. Fundi! Ingekuuma ulimi?"

"Mama Arlène, tulia. Hajarudi bado. Hatujui wamemwambia nini."

"Alitoka saa kumi ya alfajiri. Sasa ni saa kumi tena. Bale banakubaliwa banarudi saa sita, banaimba ndani ya taksi. Miye nilibaona."

Na mimi niliwaona.

Tulikuwa kwenye gereji yao pale Observatory, hapa Johannesburg, kwenye mteremko, nyuma ya nyumba ya watu. Gari halijawahi kuingia humo tangu nimeifahamu. Mna cherehani mbili, meza ya kukatia nguo, pazia, na nyuma ya pazia kitanda, jiko na maisha yao yote. Ilikuwa Juni mwaka 2018, baridi ya kukata masikio, na Agnès alikuwa akinyoosha sketi za shule ambazo alikwisha kuzinyoosha mara mbili.

Aliyekuwa akisubiriwa ni mumewe, Lambert, fundi cherehani, ambaye Wakongo wote wa kuanzia hapa hadi Yeoville wanamwita Seneta. Asubuhi hiyo alikwenda ofisi ya wakimbizi kuchukua jibu la mwisho la rufaa yake. Ofisi ile ina mambo mawili tu. Wakikukubali, wanakurudishia karatasi yako ina muhuri mpya. Wakikukataa, karatasi wanabaki nayo wao, wewe unapewa barua, na barua inataja siku za kuondoka nchini. Baada ya hapo hakuna dirisha jingine la kugonga. Karatasi yake Lambert aliiweka kwenye mfuko wa plastiki mgumu, akaufunga kwa kamba shingoni chini ya koti, miaka yote hiyo. Agnès alimshonea koti mfuko wa siri, akaukataa. Alisema anataka kuisikia ikigusa ngozi.

Mimi jina langu Leonida, Koko kwa Wakongo, yaani bibi, mzaliwa wa Morogoro. Mji huu nililetwa mwaka tisini na mbili na marehemu mume wangu Zephania, mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakikaa kwetu wakati wa kupigania nchi yao. Kwa hiyo mimi kitambulisho ninacho, cha kijani kile, na siku nikifa nitazikwa nikiwa mwenyeji. Niliolewa na mkimbizi nikapata nchi. Lambert ni mkimbizi mwenyewe, hana kitu.

Sasa niseme habari zake, maana nikimwachia Agnès atazisema zote kwa machozi.

Alizaliwa Uvira. Watoto wa mtaani huwa nawaambia kwamba alitoka Uvira hadi hapa kwa miguu, cherehani kichwani, na kwamba alipofika mto Limpopo mamba alitokeza akafungua mdomo. Lambert hakukimbia. Alivua futi shingoni, akampima mamba kifua na kiuno, akamwambia, "Mzee, suti yako njoo Ijumaa." Mamba akafunga mdomo akaenda kusubiri Ijumaa, na hadi leo anasubiri, kwa kuwa hakuna fundi anayemaliza nguo siku aliyoahidi. Hiyo ni hadithi. Habari yenyewe haichekeshi. Vita vilipowafikia alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliondoka na kaka yake, akafika bila kaka yake, na katika miaka kumi na tisa sijamsikia akisema walipoachania. Alipanda malori, alilala sokoni Lusaka miezi miwili, akaingia Johannesburg mwaka 1999 akiwa na mkasi.

Siasa zake zilianza kwa maiti.

Mwaka 2000 kijana mmoja wa kwao alikufa hospitali, akalala chumba cha maiti wiki tatu bila mtu wa kwenda kumtaja jina. Watu waliogopa. Huko unaulizwa wewe nani, unaishi wapi, lete karatasi, na wengi hawakuwa nayo. Wakakutana kwenye chumba cha mtu Yeoville, watu arobaini, kila mmoja anaangalia viatu vyake. Lambert, ambaye hata Kiingereza hakuwa nacho, akasimama nyuma kabisa akasema, "Miye nitaenda." Akaenda. Akamtaja. Akamshonea na suti ya kuzikwa, kitambaa cha kijivu, na vifungo alivitoa kwenye koti lake mwenyewe. Nilikuwepo mazishini, nilimwona akilishika koti lake kwa mkono lisifunguke na upepo.

Baada ya hapo wakaunda umoja wao, wenyewe wanauita mutuelle. Kulikuwa na kijana aliyewahi kusoma sheria kidogo Lubumbashi, na mtu aliyesoma kidogo ndiye hatari. Aliandika katiba ya kurasa kumi na moja. Alisema kila nchi ya maana ina mabaraza mawili: moja la vijana wa kukimbia huku na huku, na moja la watu wazima wa kukaa na kusikiliza. Hili la pili likaitwa Seneti. Wakachaguliwa watatu: Lambert, Mzee Othmani, Mrundi aliyekuwa akiuza mitumba, na Mama Célestine, msusi. Muda wao, miaka mitano.

Kazi ya Seneti ilikuwa kusikiliza. Mume kamfukuza mke, waje. Kijana kampa binti mimba naye anajifanya hasikii Kiswahili tena, anajua Kizulu tu, aje. Mtu kafiwa, Seneti iamue nani atalala matangani na nani ataosha maiti. Walipata benchi refu la kanisa lililovunjwa, wakaliweka hapa gerejini, na watu wakaliheshimu benchi lile kuliko mahakama ya mjini, maana hapa ukisema jambo halihitaji mkalimani.

Uchaguzi wa mwaka wa tano haukufanyika. Waligombana nani atunze muhuri. Wa mwaka wa kumi haukufanyika. Mvua iliingia ukumbini. Mzee Othmani akafariki. Mama Célestine akahamia Cape Town kwa mwanawe. Lambert akabaki Seneti nzima peke yake. Nimeshuhudia kikao cha Seneti ya mtu mmoja, sasa nisikilizeni, maana hii si ya mamba, hii ni kweli. Alifungua kikao. Akauliza kama kuna mwenye neno. Akanyoosha mkono. Akajiruhusu. Akasema neno lake, akakaa, akainuka tena akalishukuru baraza kwa utulivu wake. Mimi nilikuwa nimeleta gauni la kupunguzwa, nikacheka hadi kiuno kikauma. Hakunikasirikia. "Koko," alisema, "kama siinuki na kukaa, hii itakuwa tu gereji."

Sherehe ya miaka kumi alijishonea mkanda wa begani kwa vipande vilivyobaki vya sare za shule, bluu, njano na nyekundu, na akashona bango la kutundika ukutani. Alitaka liandikwe SENAT na chini yake jina la umoja wao. Kitambaa kikaisha. Bango likabaki SENAT tu, herufi kubwa nyeupe, zimenyooka vizuri kabisa. Wakapiga picha. Lambert katikati, mkanda begani, uso mzito, na juu ya kichwa chake hilo neno moja. Alitembea na picha hiyo kwenye pochi. Kila mtu tuliyemfahamu aliwahi kuoneshwa.

Aliyejaribu kumng'oa ni mmoja tu, Ruphin kinyozi, mwaka 2014. Ruphin alisema kiongozi aliyekaa miaka kumi na minne bila kura ni ugonjwa uleule waliokuwa wameukimbia kwao, na siwezi kusema alikosea. Akadai uchaguzi, wa kupanga mistari nyuma ya mgombea, uwanjani Yeoville, mchana, kila mtu aonekane. Mstari wa Ruphin ulikuwa mrefu. Alikuwa amewanyoa vijana bure wiki nzima. Nyuma ya Lambert tulikuwa wachache, wengi wanawake, na mimi Mtanzania nisiye na haki ya kura. Kabla hawajaanza kuhesabu, akaja mtu akimtafuta Seneta: mama fulani amefiwa na mtoto sasa hivi, yuko peke yake chumbani. Lambert akavua mkanda, akaukunja, akaondoka uwanjani bila kusema neno. Sisi wa nyuma yake tukamfuata. Na mstari wa Ruphin ukaanza kutoka mmoja mmoja, maana mfiwa alikuwa jirani yao pia. Ruphin alibaki na mtu mmoja, kumbe huyo alikuwa hajamaliza kunyolewa. Hapo nimeongeza kidogo. Lakini jioni Ruphin mwenyewe alikuja matangani, akaketi chini, na habari ya kura haikurudi tena.

Mwaka uliofuata, Aprili, watu walipoanza kuvunja maduka ya wageni mjini, nimewasimulia watoto mara nyingi kwamba Seneta alisimama mlangoni na mkasi mkono mmoja na katiba mkono mwingine. Ukweli alikuwa chini ya meza ya kukatia, na Agnès, na Arlène binti yao, na mimi, ambaye sikuwa na sababu ya kuogopa, lakini nani atakuuliza kitambulisho akiwa na rungu? Aliyesimama mlangoni ni jirani yao Nomsa, mama mzaliwa wa hapa, na kitambaa chake cha kichwa. Aliwaambia kwa Kizulu, "Sare ya mwanangu imo humu. Mkichoma, nyinyi ndio mtakaomvika." Wakapita. Lambert alitoka chini ya meza, akakaa kwenye cherehani akaimaliza sare ile. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimaliza nguo kabla ya siku.

Sasa nafika ninapoogopa kufika.

Oktoba 2016 waliitwa upya watu wa zamani kuhojiwa, kwamba mafaili yao hayaeleweki. Lambert akapangiwa siku. Aliniomba nimsindikize kwa sababu nina mdomo na nina kitambulisho. Foleni ilianzia nje, kwenye vumbi. Tulisimama saa nne nzima. Mkalimani wa ofisi hakutokea, na afisa, kijana mwenye miwani, akasema kama kuna ndugu anayejua lugha aingie asaidie, tumalize. Nikaingia. Nikala kiapo, mkono juu.

Afisa hakuinua macho. Jina? Nikajibu. Umetoka wapi? Nikajibu. Lambert amesimama pembeni, kofia mkononi, na mimi nikamwangalia yule mtu. Miaka kumi na saba ya kusimama kwenye foleni. Amesimama na jua, amesimama na mvua, amesimama na malaria. Amezika watu wasio na majina. Na mtoto huyu wa miwani anaandika na kupiga miayo, na kiti kipo, kiti kitupu, kimewekewa faili juu. Uchungu ukanipanda.

"Kazi yake?" akauliza.

Fundi. Agnès ana haki, ni neno moja.

Nikasema, "Seneta."

Yule kijana akainua macho. "Seneta?"

"Seneta," nikasema, "tangu mwaka 2000, bila kupumzika, na aliyesimama kushindana naye alibaki uwanjani na mtu mmoja."

Mnajua kilichotokea? Kijana alisimama. Akaondoa faili kwenye kiti, akakipangusa kwa mkono, akakivuta. Akamwita bwana. Akamwomba akae.

Nami nilifurahi. Niseme uongo wa nini tena, nilifurahi mno, nilijiona nimefanya kazi kubwa kuliko wanasheria wote wa Braamfontein. Sikujua kwamba kwenye karatasi ile mtu wa serikali ya kwao hawezi kuwa mtu anayeikimbia serikali ya kwao. Mimi shule sikwenda. Herufi alinifundisha Zephania kwa gazeti, jioni, na gazeti halikufika kwenye sheria za wakimbizi. Nilipowekewa maelezo niyatie sahihi, yalikuwa kwa Kiingereza, nikaandika jina langu chini kwa herufi kubwa, nzuri, nikajivunia na hizo.

Barua ilikuja mwaka uliofuata. Arlène ndiye aliyeisoma. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa lugha za hapa, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja aingie chuo. Alisoma mara ya kwanza kimya, kisha akatutafsiria, akikwama kwama: mwombaji ni mjumbe wa Seneti ya nchi yake tangu mwaka 2000, mkalimani wake amethibitisha kwa kiapo, picha imeambatishwa, kwa hiyo hawezi kudai kwamba serikali yake inamtafuta kwa ubaya, na inaonekana anasafiri huku na huku. Ombi limekataliwa.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikidhani ni jambo la kurekebisha kwa kwenda na kusema samahani.

Arlène hakucheka. Alikunja barua akaniangalia. "Hhayi, Gogo," alisema, yaani hapana, bibi. Basi. Hajaniambia zaidi ya hayo mpaka leo, na tangu siku ile akija kwangu analeta alichotumwa anakiacha mlangoni.

Wakakata rufaa. Wakili binti wa Braamfontein, wa msaada wa bure, alinikalisha chini akaniambia njia ni moja: niende mbele yao niseme nilidanganya. Nikasema nitakwenda hata kama ni jela. Nikavaa nguo za kanisani. Mzee wa rufaa alikuwa na sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Bibi," aliniuliza, "ulikula kiapo siku ile?"

"Nilikula."

"Na leo?"

"Nimekula."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile, baba."

"Nitajuaje?"

Nikamwambia mimi ni mwongo, aulize mtaa mzima, aulize watoto. Nikaona haandiki. Nikampa na habari ya mamba, yote, na suti ya Ijumaa, ili aone mwenyewe jinsi nilivyo. Lambert alifumba macho. Yule mzee hakucheka. Sasa ndiyo akaandika, kwa muda mrefu.

Kisha akainua ile picha. Lambert na mkanda, na SENAT juu ya kichwa. "Hii nani aliitoa?"

"Mimi," nikasema.

Ndivyo Agnès anavyojua. Ndivyo mtaa mzima unavyojua. Koko Leonida alisema neno, Koko Leonida akatoa na picha. Watu wameacha kunisalimu sokoni kwa sababu ya picha kuliko neno, maana neno linaweza kuponyoka, lakini picha inafikiriwa.

Lambert tangu siku hiyo hakuendesha kikao. Benchi aliligeuza likaangalia ukuta. Mtu akija na ugomvi wake anamwambia aende polisi, na huyo mtu anabaki amesimama mlangoni haelewi. Alianza kushona haraka haraka, kila nguo inamalizwa siku yake, na wateja wakaona maajabu. Mimi niliona mtu anayefunga hesabu zake na watu. Wiki iliyopita aliniita akanipa mkanda ule wa begani, umekunjwa ndani ya gazeti. "Uweke weye," alisema. "Wakiukuta kwangu mpakani, kule watasema nilikuwa huku najifanya serikali." Hapo ndipo nilipoelewa. Huku alikataliwa kwa sababu ni seneta, na kule atashikwa kwa sababu si seneta.

Kwa hiyo Agnès alikuwa na haki ya kushika pasi.

"Uko unasikia miye?" aliniuliza. Alikuwa amefika sketi ya mwisho. "Arlène ana mitihani mwezi wa kumi na moja. Badada zangu kule bote balishakufa. Nitamufikia nani? Nitagonga mlango ya nani? Useme, Koko. Weye unajua kusema."

"Mtakuja kwangu. Kwangu kuna vyumba viwili."

"Polisi hawatajua mlango yako?"

Nikaivuta sketi moja mapajani nikaanza kuikunja.

"Neno, nasema, liliponyoka. Uko hivyo, tunakujua, kinywa yako haina kifuniko. Miye ningekusamehe neno. Lakini picha!" Aliiweka pasi juu ya sketi kwa kishindo. "Picha uliingiza mukono, ukatafuta ndani ya pochi ya bwana yangu, ukaitoa, ukapeana. Ile haikuponyoka. Ile ulifanya juu ya kujifurahisha. Juu uende useme sokoni: miye Leonida, nilimukalisha Lambert kwenye kiti."

"Agnès."

"Kuanzia leo, usikanyage hapa. Anarudi ama harudi, banamukubali ama banamukataa, weye ubaki kwako. Tukienda, tutaenda bila kukuaga. Na ukifa, Koko, miye sitakuosha. Umesikia? Nilikuahidi nitakuosha. Naondoa ahadi."

Hilo ndilo lililonichoma. Wanangu wako mbali, na damu yangu yote iko Morogoro. Miaka kumi na minane Agnès aliniahidi, na mimi nilishamwonesha hata kanga yenyewe, iko sanduku gani.

Nikajiona nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Siku ile ofisini ikanijia yote, pamoja na ile sehemu niliyokuwa nimeimeza. Lambert alilisikia neno. Kwa Kifaransa cha kwao na kwa Kiingereza linakaribia kufanana, alilisikia vizuri. Nilipolisema aliniangalia, nami nikamwangalia, na alikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa. Kiti kilipovutwa alikitazama kwanza. Kisha akakaa, polepole, akaweka kofia juu ya goti, akanyoosha mgongo. Sijawahi kumwona mtu akikaa vile. Na yule kijana alipouliza kwa heshima kama kuna ushahidi wowote, mimi hata sikuwa nimeikumbuka picha. Mkono ulioingia kwenye pochi ulikuwa wa Lambert.

Mbele ya mzee wa rufaa Lambert alisema hakusikia nilichosema. Nikaona nikimkanusha pale, ndiyo basi. Nikaibeba picha mimi. Siku yangu moja ya kusema kweli, nikaiwekea uongo ndani.

Lakini sasa haikuwa ofisi. Ilikuwa mimi na Agnès na pasi, na ahadi ya kuniosha imelala chini pale katikati yetu.

"Mama Arlène," nikasema, "ile picha unayonilaumu. Nisikilize vizuri, maana hii sitairudia. Ile picha sikuitoa mimi. Pochi sikuigusa. Aliyeitoa ile picha ni..."

Mlango wa gereji ulisukumwa. Ule ni mlango wa chuma, hauwezi kufunguka kimya, tukageuka sote wawili.

Lambert alikuwa amesimama na baridi nyuma yake, kofia kichwani, koti limefunguka. Mfuko wa plastiki ulikuwa nje, unaning'inia kifuani kwenye kamba yake, mtupu, unaonekana hadi shati upande wa pili. Mkononi alikuwa na bahasha.

Sketi ilianza kunuka chini ya pasi. Hakuna aliyeiinua.

Nikamsogezea kiti changu. Alikitazama, akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama siku ile.

"Mulikuwa munasema nini?" aliuliza.